Diski Isiyoonekana Haijafa

Anayeweka mfumo endeshi mpya kwenye kompyuta hufika kwenye ukurasa mmoja ambao ndio huamua yote. Lugha imeshachaguliwa, masharti yamekubaliwa, na programu ya usakinishaji inauliza mfumo uwekwe wapi. Pale panapostahili kuorodheshwa diski pamebaki peupe, na chini yake kuna sentensi fupi inayosema hakuna diski iliyopatikana. Wakati mwingine diski inaonekana, lakini ukiichagua programu inagoma na kusema mfumo hauwezi kuwekwa hapo. Kinachofuata katika vibanda vingi vya kompyuta ni moja ya hukumu mbili: ama diski imekufa, inunuliwe nyingine, au diski imevurugika, ifutwe yote tuanze upya. Hoja ya makala haya ni kwamba hukumu zote mbili hutolewa mapema mno. Ujumbe ule hausemi chochote kuhusu uzima wa diski. Unasema tu kwamba programu haikuifikia diski, au imeifikia na haikukubali namna ilivyopangwa, na sababu za mambo hayo mawili mara nyingi ziko nje ya diski kabisa. Zinaweza kutafutwa moja baada ya nyingine bila kufuta hata faili moja, na mwenye kompyuta ana haki ya kudai zitafutwe kabla hajafungua pochi, na kabla picha zake, hesabu za duka lake au tasnifu yake haijapotea.

Suala hili limewagusa watu wengi zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali rasmi kompyuta isiyo na UEFI (programu ya kuamshia kompyuta iliyorithi nafasi ya BIOS ya zamani), chipu ya usalama ya TPM 2.0 na diski ya angalau GB 64. Wenye mashine za zamani wamejikuta njia panda: wapo wanaolazimisha Windows 11, wapo wanaohamia Linux, wapo wanaotoa diski ya zamani na kuweka SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ili mashine iwe nyepesi. Wote hao hupita kwenye ukurasa ule ule. Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi ni zilizokwisha kutumika, na si ajabu mashine kuwa ilikaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya ng'ambo kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Diski yake huweza kutolewa huko ili siri za ofisi zisivuje, na kuwekwa nyingine, lakini mipangilio iliyomo ndani ya mazabodi husafiri pamoja na mashine. Mnunuzi anarithi maamuzi ya mtaalamu asiyemjua, aliyeyafanya kwa mahitaji ambayo si yake.

Ili kuelewa kwa nini diski nzima isionekane, ni lazima kuifuata njia ambayo taarifa hupita. Windows au Linux haizungumzi na diski moja kwa moja. Programu ya usakinishaji huongea na draiva, yaani programu ndogo inayojua lugha ya kidhibiti cha diski. Draiva huongea na kidhibiti kilichoko kwenye mazabodi au ndani ya prosesa. Kidhibiti hutuma amri kupitia kebo au kupitia tundu la M.2, na mwisho kabisa diski yenyewe, ambayo nayo ina kompyuta yake ndogo ndani, hupokea amri na kujibu. Kiungo kimoja kikikatika popote katika njia hiyo, anayekaa mbele ya skrini huona matokeo yale yale: jedwali tupu. Skrini haina namna ya kutofautisha kati ya diski iliyoungua na draiva iliyokosekana. Ndiyo maana kusoma ujumbe ule kama cheti cha kifo ni kosa la kimantiki kabla hata halijawa kosa la kiufundi. Dalili moja ina sababu nyingi, na mwenye busara huanza na zile ambazo ni rahisi kuzipima na ambazo kuzipima hakuharibu kitu.

Ushahidi wa wazi wa jambo hili unatoka kwenye historia ya Windows XP. Mfumo huo ulitoka mwaka 2001. Diski za SATA zikaingia sokoni miaka michache baadaye, na mwaka 2004 Intel ikatoa kanuni za AHCI, utaratibu mpya wa kompyuta kuongea na diski hizo. CD ya Windows XP haikuwa na draiva ya AHCI, kwa sababu ilitengenezwa kabla ya AHCI kuwapo. Matokeo yake, mtu alinunua kompyuta mpya yenye diski mpya kabisa, akaingiza CD ya XP, akaambiwa hakuna diski, au akakutana na skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B. Tiba ilikuwa kubonyeza F6 mwanzoni mwa usakinishaji na kuweka draiva kutoka kwenye diski laini, wakati ambao kompyuta mpakato nyingi hazikuwa tena na mlango wa diski laini. Wengine waliingia BIOS wakabadilisha hali ya kidhibiti kutoka AHCI kwenda utaratibu wa zamani wa IDE, na diski "iliyokufa" ikaonekana papo hapo. Hakuna skrubu iliyofunguliwa wala waya uliosogezwa. Diski ilikuwa nzima muda wote.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya kale, na kwamba mifumo ya leo inabeba draiva za kila aina. Ni kweli kwa AHCI, lakini tatizo lenyewe lilirudi kwa jina jingine. Kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizotoka mwaka 2020, kompyuta mpakato nyingi zimekuja na teknolojia inayoitwa VMD ikiwa imewashwa. VMD huiweka SSD ya NVMe nyuma ya kidhibiti cha Intel, na flashi ya usakinishaji isiyo na draiva ya kidhibiti hicho haiioni SSD hata kidogo. Mwenye kompyuta ya mamilioni ya shilingi anakutana na jedwali tupu lile lile aliloliona mwenye XP. Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kupakua draiva ya Intel RST kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta hiyo, kuifungua kwenye folda ndani ya flashi, kisha kubonyeza kitufe kilichoandikwa "Load driver" kwenye ukurasa ule ule na kuelekeza kwenye folda hiyo. Diski hujitokeza bila kompyuta hata kuzimwa. Ya pili ni kuingia BIOS na kuzima VMD, au kwenye mashine za zamani kidogo kubadilisha RAID, hali ya kufungamanisha diski kadhaa, kuwa AHCI. Dell, kwa mfano, imekuwa ikitoa kompyuta nyingi zikiwa tayari kwenye hali ya RAID ingawa zina diski moja tu, na hizo ndizo hufika mitaani kwetu kutoka maofisini. Wanaoweka Ubuntu hukutana na ukuta huo huo, ila programu yake ya usakinishaji ina uungwana wa kusema waziwazi kwamba RST imewashwa na inapaswa kuzimwa.

Dawa hiyo ya pili inahitaji tahadhari, na hapa ndipo ushauri wa haraka haraka huwaumiza watu. Kama ndani ya diski kuna Windows ya zamani ambayo bado unaihitaji, kubadilisha hali ya kidhibiti ghafla kunaweza kuifanya ishindwe kuwaka, kwa kosa lile lile la 7B. Ukirudisha mpangilio ulivyokuwa, kwa kawaida inawaka tena. Asiyelijua hilo hudhani ameua mfumo na kuformati. Kompyuta yenye diski mbili zilizofungamanishwa kwa RAID ya kweli haipaswi kuguswa mpangilio huo kabisa kabla data hazijanakiliwa kwingine. Zaidi ya hapo, mashine nyingi za Windows 11 huja na diski iliyofungwa kwa usimbaji, na toleo la 24H2 huuwasha usimbaji huo lenyewe kwenye mashine nyingi linapowekwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukigusa mipangilio ya UEFI, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye mashine, kwa hiyo autafute na kuuandika kabla BIOS haijafunguliwa. Diski iliyosimbwa ina mtego mwingine: ukiiangalia kutoka nje ya Windows yake, huonekana kama patisheni isiyojulikana, na wengi huitangaza imeharibika ilhali inafanya kazi yake ya kulinda siri.

Baada ya kusema hayo, kipimo cha kwanza kabisa kinapaswa kuwa BIOS yenyewe, na kukifanya ni kusoma tu. Ukibonyeza F2, Del au F10 kulingana na mashine, ukafika kwenye ukurasa wa hifadhi, utaona kama diski imetajwa kwa jina la modeli na ukubwa wake. Jina na ukubwa sahihi maana yake diski ina umeme, kompyuta yake ndogo ya ndani imeamka, na imejibu ilipoulizwa wewe ni nani. Tatizo basi liko juu yake, kwenye draiva au kwenye mpangilio wa patisheni. Ukubwa nao usikutishe: diski iliyouzwa kwa jina la GB 500 itaandikwa kama GB 465 ndani ya Windows, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa makumi na Windows inahesabu kwa mafungu ya 1,024. Hakuna kilichoibwa.

BIOS isipoiona diski, bado hatujafika makaburini. Kwenye kompyuta ya mezani kebo ya SATA hulegea, na soketi zake hazikutengenezwa kwa ajili ya kuchomekwa na kuchomolewa kila wiki. Zile za kawaida hukadiriwa kuvumilia mara 50 hivi. Kubadilisha kebo, kuhamia tundu jingine na kujaribu waya mwingine wa umeme ni kazi ya dakika chache. Kwenye SSD za M.2 kuna mkanganyiko unaogharimu watu fedha bila sababu. Umbo ni moja, kibao chembamba cha upana wa milimita 22 na mara nyingi urefu wa milimita 80, lakini ndani kuna lugha mbili: nyingine huongea SATA, nyingine NVMe. Ile yenye mapengo mawili kwenye meno yake kwa kawaida ni ya SATA, yenye pengo moja kwa kawaida ni ya NVMe. Kuna mazabodi ambazo tundu lake la M.2 hukubali aina moja tu, na kuna zinazozima tundu mojawapo la SATA pindi M.2 inapotumika. Mtu anaweka SSD mpya, inaingia vizuri na kufungwa skrubu, haionekani, anairudisha dukani kama mbovu. Duka nalo linamuuzia mwingine mwenye mazabodi tofauti, naye inamfanyia kazi. Kitabu cha maelezo ya mazabodi, kinachopatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji, kina jibu katika jedwali moja.

Sasa tuchukue hali ya pili, ambapo diski inaonekana lakini programu inaikataa. Hapa sababu kubwa ni jedwali la patisheni, ambalo kwa diski ni kama ukurasa wa yaliyomo kwa kitabu: linaonyesha kila sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi. Jedwali la zamani, MBR, lilikuja na PC DOS 2.0 ya IBM mwaka 1983. Huhesabu sekta kwa namba za biti 32, na kwa sekta za baiti 512 hesabu hiyo inafika ukingoni kwenye TB 2.2 hivi, na linabeba patisheni kuu nne tu. Jedwali jipya, GPT, lilizaliwa pamoja na EFI, mtangulizi wa UEFI, linahesabu kwa biti 64, Windows huliruhusu patisheni 128, na huweka nakala yake ya pili mwishoni mwa diski. Kanuni ya Windows ni kali: kompyuta ikiwaka kwa njia ya UEFI, diski ya mfumo lazima iwe GPT; ikiwaka kwa njia ya BIOS ya kale, lazima iwe MBR. Visipopatana, usakinishaji unakataa na kukutajia jedwali lililoko kwenye diski yako. Ni ujumbe wa kweli kabisa, lakini watu wengi wakiona neno "cannot" husoma neno "mbovu".

Ushauri unaozunguka mitandaoni kwa kosa hili ni mfupi: bonyeza Shift na F10, andika diskpart, chagua diski, andika clean, kisha convert gpt. Unafanya kazi. Unafuta pia ukurasa mzima wa yaliyomo, na mtu asiyejua maana ya clean anajikuta na diski iliyo tupu machoni pa kompyuta. Kabla ya hapo kuna njia mbili zisizofuta kitu. Ukifungua menyu ya kuwashia, mara nyingi flashi ile ile huonekana mara mbili, mara moja kwa jina lake tupu na mara ya pili ikiwa na neno UEFI mbele. Kwa anayeweka mfumo unaokubali njia zote mbili, kama Windows 10 au matoleo mengi ya Linux, kuchagua mstari unaolingana na jedwali lililopo kunatosha. Kwa anayekwenda Windows 11, ipo programu ya mbr2gpt, inayokuja na Windows 10 tangu toleo la 1703 la mwaka 2017; hugeuza diski yenye Windows kutoka MBR kwenda GPT huku faili zikibaki, ilimradi patisheni kuu zisizidi tatu, na ina hatua ya kukagua kwanza kabla ya kugeuza. Nakala ya data ni lazima hata hivyo, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo hakuna atakayekuhakikishia. Na kama ni lazima kutumia diskpart, itazame orodha inayotolewa na amri ya list disk kabla ya kugusa lolote: safu ya mwisho ina alama ya nyota kwa diski za GPT, na safu ya ukubwa ndiyo pekee itakayokutofautishia diski yako na diski ya nje uliyosahau kuchomoa. Makosa mengi ya kufuta diski isiyo yenyewe yangezuilika kwa kuchomoa kila kisichohusika.

Kuna na kundi la tatu, ambamo usakinishaji unaanza kisha unakatika katikati kwa namba kama 0x80070570 au 0x8007025D, ukidai faili hazisomeki au zimeharibika. Diski hulaumiwa kwa sababu ndiyo inayoandikwa wakati huo. Lakini faili zinasomwa kutoka kwenye flashi na kupita kwenye RAM, na kosa linaweza kuwa huko. Flashi bandia, zilizochezewa ili zidai ukubwa zisio nao, zimejaa sokoni. Zinapokea faili zote kwa upole na kuzirudisha zikiwa takataka. Programu za H2testw na F3 huzigundua, MemTest86 hupima RAM, na kulinganisha alama ya SHA-256 ya faili uliyopakua na ile iliyochapishwa na mtengenezaji huonyesha kama faili yenyewe ilifika nzima. Mtu anayebadilisha diski katika hali hii atakutana na kosa lile lile kwenye diski mpya, akiwa ameshalipa.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba diski hufa kweli, hasa zile za sahani zinazozunguka, zilizotumika miaka na kusafirishwa kwa meli. Naikubali bila kusita, na ndiyo sababu nasema ipimwe badala ya kukisiwa. Diski karibu zote za leo huweka kumbukumbu ya afya yake iitwayo SMART, inayosomwa kwa CrystalDiskInfo kwenye Windows au kwa smartctl kwenye Linux iliyowashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Kwenye diski za SATA, namba 5 huhesabu sekta mbovu zilizokwisha kuhamishiwa akiba, namba 197 sekta zinazosubiri hukumu, 198 zile zilizoshindikana kusomeka, na 199 makosa yaliyotokea njiani kati ya diski na kompyuta. Hiyo ya mwisho ni shahidi mzuri wa hoja yangu: ikipanda huku nyingine zikibaki sifuri, mtuhumiwa wa kwanza ni kebo. Nayo 197 inastahili kusomwa kwa utulivu katika nchi ambako umeme hukatika bila taarifa, kwa kuwa sekta iliyokuwa ikiandikwa wakati umeme unakatika inaweza kuingia kwenye hesabu hiyo na kutoka ikiandikwa upya. Ikiwa 197 na 5 zinaongezeka siku hadi siku, hapo diski inakufa kweli.

Namba hizo zina uzito kiasi gani? Mwaka 2007 Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso wa Google walichapisha utafiti wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikifanya kazi katika vituo vya kampuni hiyo. Waligundua kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Lakini waligundua pia kwamba 56% ya diski zilizokufa hazikuwa na hata moja kati ya dalili nne kuu za SMART. Kwa hiyo SMART ikilalamika, iamini na uhamishe data leo. Ikinyamaza, ukimya wake usiuchukue kuwa dhamana. Matokeo hayo hayadhoofishi wito wa kupima. Yanaongeza uzito wa kunakili data kwanza, kwa sababu hakuna kipimo kitakachokuhakikishia kesho.

Diski ikithibitika kuwa inakufa, mpangilio wa kazi hubadilika kabisa. Ikigonga tik tik na kurudia, zima. Vichwa vyake hupaa umbali wa nanomita chache tu juu ya sahani, na kila dakika ya kuendelea kuizungusha inaweza kukwangua data zaidi. Kama bado inasomeka, chomoa, iunganishe kwenye kompyuta nyingine na unakili kwa programu kama GNU ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuacha ngumu mwisho. Kuendesha chkdsk kwenye diski ya namna hii ni kuilazimisha ifanye kazi nzito ikiwa mahututi. Kwa SSD kuna hatari tofauti ambayo mafundi waliokulia kwenye diski za sahani hawaizingatii. Zamani, diski iliyoformatiwa kwa haraka iliweza kurudishiwa faili zake kwa programu ya uokoaji, kwa sababu data zilibaki mahali pake hadi ziandikwe juu. SSD ikiformatiwa, Windows huiarifu kwamba nafasi ile haihitajiki tena, nayo huanza kuisafisha yenyewe kimyakimya. Baada ya hapo matumaini ya kurudisha chochote ni madogo mno. Kauli ya "tuformati tu, tukihitaji tutarudisha" imepitwa na wakati.

Fundi anaweza kunijibu kwamba ana foleni ya wateja, SSD siku hizi si ghali, na kuweka mpya ni haraka kuliko uchunguzi wote huu. Ni hoja ya mtu anayejua kazi yake, na kuna siku iko sahihi: mashine yenye diski ya sahani ya miaka kumi itafaidika na SSD hata kama diski hiyo ni nzima. Lakini haraka hiyo ni ya kudhaniwa tu pale ambapo chanzo ni VMD, tundu la M.2, flashi bandia au RAM, kwa sababu diski mpya itakwama mahali pale pale. Wengine husema data zao ziko mtandaoni, hivyo kufuta si hasara. Waulizwe kama na data za programu ya mauzo ziko huko, na sauti za marehemu zilizorekodiwa kwenye simu zikahamishiwa kwenye folda fulani mwaka uliopita. Wengi hugundua walichokuwa nacho baada ya kukikosa.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, liko kwenye namna tunavyolipa. Mteja wa Kariakoo au Luthuli hulipa kifaa kikibadilishwa au Windows ikipigwa; fundi aliyekaa nusu saa akagundua kwamba ni mpangilio mmoja wa BIOS anaambiwa "kumbe hukufanya kitu" na kupewa nauli. Kwa bei hiyo, hakuna sababu ya kumtegemea achunguze. Uchunguzi ulipwe peke yake, kwa bei inayotajwa kabla ya mashine kufunguliwa, na mteja arudi na karatasi yenye mambo manne: BIOS iliiona diski kwa jina gani, kidhibiti kiko kwenye hali gani, jedwali ni MBR au GPT, na namba za 5, 197, 198 na 199 zilikuwa ngapi siku hiyo. Kwa SSD ya NVMe, ambayo haitumii namba hizo, iandikwe asilimia ya maisha iliyotumika na idadi ya makosa ya data. Fundi mwingine akipewa karatasi hiyo mwezi ujao ataanzia pale mwenzake alipoishia, na diski ikitolewa, mwenyewe aondoke nayo mkononi.